Tupeane uzoefu: chaneli za masomo ya video hapa Uganda zinakuzwaje?

Mwalimu wa Mbale: Tangu shule zilipofungwa Machi 2020 hadi kufunguliwa kikamilifu Januari 2022, walimu wengi walijifunza kurekodi vipindi kwa simu. Chaneli nyingi zimekufa, chache zinazidi kukua. Wajuzi, leteni mambo ya vitendo: sauti, MB, mada, malipo.

Fundi Sauti: Mwalimu, anzeni na sauti. Mwanafunzi atavumilia picha yenye ukungu, lakini mwangwi utamfukuza dakika ya kwanza. Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo, sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, huishinda simu nzuri iliyo mita mbili, kwa kuwa simu ya mbali huokota kelele za kuta pamoja na maneno. Darasa tupu la sakafu ya saruji litandikwe mikeka, na blanketi litundikwe nyuma ya simu. Mvua ikigonga bati, acheni kurekodi. Hakuna programu itakayoisafisha vizuri. Rekodini sekunde 20 za majaribio, kisha sikilizeni kwa spika ya simu ya bei nafuu, maana ndiyo aliyonayo mtazamaji.

Ubao nao: dirisha likae ubavuni, likitazamana na ubao chaki inapotea kwenye mng'ao. Gusa ubao kwenye skrini na ushikilie mpaka mwanga ufungwe. Usipofunga, kila mwalimu akipita mbele na shati jeupe, ubao mzima unaingia giza.

Dada wa Gulu: Mimi nasema MB. Ushuru wa 12% umo kwenye data tangu Julai 2021, na mzazi anahesabu kila bando. Video ya dakika 10 kwa kilobiti 1,000 kwa sekunde ni MB 75. Kwa kilobiti 250 haifiki MB 19. Somo la ubaoni halina mwendo mwingi, kwa hiyo picha ya 480p (mistari 480 kwa kimo) na fremu 15 kwa sekunde zinatosha, mradi maandishi yawe makubwa. HandBrake, programu ya kompyuta ya kubana video, ni ya bure na inaifanya kazi hiyo. Ila nakala nyepesi ni ya makundi ya WhatsApp, na itumwe kama dokyumenti ili isibanwe tena. YouTube wapelekeeni nakala safi ya 720p, kwani wao huibana upya wenyewe. Ukiwapa iliyokwisha kubanwa, herufi zinavurugika.

Mwl. Mitaala: Video moja, swali moja. Kichwa kitaje darasa, somo na mada, kwa sababu mwanafunzi wa S3 (kidato cha tatu) hutafuta mada, hatafuti jina la mwalimu. Mtihani wa kwanza wa UCE (wa kumaliza kidato cha nne) kwa mtaala mpya ulifanywa 2024, kwa hiyo masomo ya kukariri majibu ya mitihani ya zamani hayamsaidii tena kama zamani.

Nafasi kubwa iko kwenye Kiswahili. Baraza la Mawaziri liliidhinisha Julai 2022 kiwe lugha rasmi na somo la lazima, na walimu hawatoshi. Ngeli zinahitaji mpango tofauti: mwenye Luganda au Runyankole anazo tayari kwenye lugha yake, mwenye Acholi au Lango hana, huyo apewe mazoezi mengi ya A-WA kabla ya KI-VI.

Kaka Hesabu: Malipo ya matangazo YouTube: wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Saa hizo ni dakika 240,000. Wakitazama dakika 4 kwa wastani, unahitaji kutazamwa mara 60,000. Video fupi zinazotazamwa kwenye mkondo wa Shorts hazihesabiwi humo. Msitegemee Desemba: mitihani ikiisha, watazamaji wanashuka.

Mwalimu wa Mbale: Na pesa yenyewe, kaka, inafikaje?

Kaka Hesabu: Ukifikisha dola 10, Google hutuma barua yenye PIN, yaani namba ya kuthibitisha anwani yako, na malipo huanzia dola 100. Andika sanduku la posta ambalo ufunguo wake unao. Sanduku la shule uliyohama litakupotezea barua, na malipo yatasimama mpaka utume maombi ya PIN nyingine.