Baba kawekewa stenti Dar, anywe dawa gani mshipa usizibe tena?

mtoto_wa_wete:
Asalaam alaykum jamani. Baba alipata shituko la moyo, akazibuliwa mshipa kwa baluni pale JKCI, hospitali ya moyo ya Dar, akawekewa na stenti, kile kibomba cha wavu wa chuma kinachouweka mshipa wazi. Alhamdulillahi karudi Pemba, msikitini anakwenda kwa miguu yake. Kapewa aspirini, klopidogreli na atovastatini, lakini ndo keshaanza kusema kapona, na kila akipiga mswaki fizi zinatoka damu, mikononi madoa ya zambarau, jirani nae kamwambia aache madawa ya hospitali anywe habasoda. Mie nasikia mshipa unaweza kubana tena hata baada ya kuzibuliwa. Ipo dawa ya kuzuia hilo khasa? Na hizi akiziacha?

nesi_mstaafu:
Waalaykum salaam mwanangu. Asiache, tena mwambie leo leo. Watu wanachanganya mambo mawili hapa. Kuna mshipa kuota nyama kwa ndani pale ulipojeruhiwa na baluni, hilo huja polepole kwa miezi, mtu anaanza kubanwa kifua akipanda ngazi. Dawa yake haimo kwenye vidonge, imepakwa kwenye stenti yenyewe, sirolimusi au za jamii yake, inatoka kidogo kidogo nyama isiote. Zamani kwa baluni tupu karibu mtu 1 kati ya 3 alikuwa anabana tena ndani ya miezi 6, stenti za chuma kitupu zikapunguza, hizi za dawa zilizoingia sokoni miaka ya 2002 na 2003 zikashusha chini ya 1 kati ya 10. Vidonge vya kumeza vilijaribiwa vingi kabla ya hapo, vingi havikufua dafu.

La pili ni damu kuganda juu ya stenti, na hili ndo linaua. Ile dawa inayozuia nyama inachelewesha pia ngozi ya ndani ya mshipa kukifunika kile chuma, sasa kikiwa wazi damu inaganda na mshipa unaziba ghafla. Aspirini na klopidogreli zinalinda hapo. Ghafla hiyo ikimkuta Wete, Dar ni ng'ambo ya bahari mwanangu. Habasoda haishiki nafasi ya kidonge.

mkoani_kwetu:
Nakazia maneno ya bi nesi. Mie ninayo stenti pia. Tumbo likimuunguza msimchukulie omeprazoli famasi, inaipunguza nguvu klopidogreli, muulizeni daktari habari ya pantoprazoli. Akitaka kung'oa jino asisimamishe dawa kwa kauli ya mtu mwengine, daktari wa moyo ndo aamue. Mwezi wa Ramadhani klopidogreli ni mara moja kwa siku, mie nakunywa nikishafutari. Ana sukari au anavuta sigara?

mtoto_wa_wete:
Sukari anayo, sigara kaacha.

nesi_mstaafu:
Basi sukari ishikeni khasa, wenye sukari mishipa yao hubana tena zaidi ya wengine hata kwa stenti ya dawa. Na atovastatini asiidharau, inatuliza mafuta kwenye mishipa mengine yote ambayo haijaguswa. Tazama karatasi ya hospitali imeandikwa stenti ya aina gani na klopidogreli anywe muda gani.

mtoto_wa_wete:
Nimeikuta. Stenti ya dawa, klopidogreli miezi 12. Nimempigia daktari wake kuhusu fizi, kasema aendelee na dawa, atumie mswaki laini, ila akipata choo cheusi kama lami tumkimbize hospitali. Baba kasikia mwenyewe kwenye spika, kakubali. Shukran sana.