Laki sita ya mwaka mzima: nilipie AI ya kuandikia programu, niongeze RAM, au nichukue kozi?

Kijana_wa_Kibirizi
Wakuu habari za jioni. Naomba muongozo kwa walio kwenye fani. Kuna hela ya kazi imeingia, nimetenga laki sita inisogeze kama developa kwa mwaka mzima. Niko njia panda.

Kwanza kuna kulipia zana ya AI kila mwezi: Cursor na Claude ni dola 20 kila moja, GitHub Copilot dola 10. Pili ni kuongeza RAM ili niendeshe modeli ya AI kwenye mashine yangu mwenyewe bila intaneti. Tatu kuna kozi ya mtandaoni ya miezi sita, wanataka karibu hela yote hiyo na wanatoa cheti.

Nataka kulipa wiki hii. Ipi inalipa?

Fundi_Isevya
Mkuu, umeuliza nauli bila kusema unakwenda wapi. Unaandika kwa lugha gani? Laptopu ni ipi? Umeajiriwa au unajitafutia wateja? Uko kwenye fani tangu lini? Bila hayo kila mtu hapa atakuuzia anachokipenda yeye.

Binti_Nzega
Na je, ni mwanafunzi? GitHub wanatoa Copilot bure kwa wanafunzi wakishathibitishwa. Mimi nasoma hapa Tabora na ndiyo ninayotumia, sijawahi kutoa hata shilingi. Kama si mwanafunzi, bado kuna ngazi ya bure. Ilipotangazwa Desemba 2024 walikuwa wanatoa mapendekezo 2,000 na maswali 50 kwa mwezi. Kwa mtu wa kazi ndogondogo hiyo inatosha kuonja kabla ya kulipa.

reli_ya_kati
Lipia Cursor, mkuu, usijichoshe. Inasoma mradi wako wote, unaiambia unachotaka, inabadilisha mafaili kumi kwa mpigo na wewe unakubali au unakataa. Kazi niliyokuwa nalala nayo wiki, sasa naimaliza siku mbili. Dola 20 ni elfu hamsini na kitu. Tovuti moja ya gesti inarudisha hiyo hela na chenji juu.

Sola_Kasulu
Mimi napinga. Tunaoishi huku tunajua umeme na mtandao vinavyotufanya. Bando likiisha au mnara ukilala, hiyo Cursor yako inabaki kihariri cha kawaida. Ongeza RAM, weka Ollama (programu ya kuendeshea modeli), pakua Qwen2.5-Coder (modeli ya bure ya kuandikia programu), fanya kazi hata usiku wa manane bila kumwomba mtu. Modeli ya 7B, yaani ya vigezo bilioni saba, ni kama GB 4.7, unaipakua mara moja basi.

Kijana_wa_Kibirizi
Samahanini wakuu, haya ndiyo maelezo. Laptopu ni EliteBook 840 G3, i5, RAM GB 8. Natumia Laravel kwa tovuti, na Flutter kidogo kwa app za simu. Sijaajiriwa na si mwanafunzi, nilijifunza mwenyewe YouTube. Nimefanya tovuti kadhaa za gesti hapa Mwanga, Kigoma. Sasa kuna wakala wa mizigo Kibirizi anataka mfumo wa kuandikisha mizigo inayokwenda Burundi na Kongo: dagaa, mawese, saruji, na madeni ya wateja. Hela niliyosema ni malipo yake ya awali.

Fundi_Isevya
Hapo sasa umesema. Na hilo la mwisho ndilo lilikuwa la kwanza kuandika, kwa sababu hela si ya kwako bado, ni ya kazi ambayo hujaimaliza.

Sola_Kasulu, ushauri wako ni mzuri kwa mashine nyingine. 840 G3 ina nafasi mbili za RAM ya DDR4 na inafika GB 32, kwa hiyo kuongeza inawezekana. Ila haina kadi ya picha ya maana, modeli itaendeshwa na prosesa ya mwaka 2015. Hiyo 7B itaingia, lakini itakutolea maneno machache kwa sekunde. Ukiiomba faili zima utakwenda kunywa chai urudi. Labda ile ndogo ya 1.5B kwa kukamilisha mistari, nayo inakosea sana.

Sola_Kasulu
Kwangu ina GB 16 na naitumia kila siku. Polepole, ndiyo, lakini haikatiki. Na RAM hata ukiacha AI inasaidia. Mtu mwenye GB 8 akifungua Android Studio ya kutengenezea app, emyuleta (simu ya kuigiza) na kivinjari, mashine inaganda.

reli_ya_kati
Hapo kwenye RAM nakubaliana naye. Flutter na GB 8 ni mateso.

Mzee_wa_Milambo
Vijana, mimi nauliza kitu kingine. Huyu mdogo wetu amejifunza mwenyewe na bado yuko mwanzoni. Mnampa mashine ya kumwandikia kabla hajajua kusoma alichoandikiwa? Kozi ya kulipia aiache. CS50, kozi ya mwanzo ya kompyuta ya Harvard, iko wazi mtandaoni, bure, na inafundisha kumbukumbu ya kompyuta, algorithimu, SQL ya kanzidata (hifadhi ya data), vile vitu ambavyo YouTube ya Laravel inavirukia. Cheti cha kununua sijaona mwajiri anayekiuliza. Wanakuuliza umejenga nini, na uwaeleze ulivyojenga.

Na habari ya kasi tuiangalie vizuri. METR, shirika la kupima AI, walitoa utafiti Julai 2025: madevelopa 16 wazoefu, kazi 246 kwenye miradi wanayoijua. Walitegemea AI iwaongezee kasi kwa asilimia 24. Wakapimwa, wakaonekana wamechelewa kwa asilimia 19. Na baada ya kumaliza bado walikuwa wanaamini wameenda haraka.

reli_ya_kati
Mzee shikamoo. Utafiti naufahamu, ila hao walikuwa watu waliokaa na miradi yao miaka, wanaijua kila kona. Mtu kama huyo kweli AI inamchelewesha, maana anachokijua kichwani inabidi akieleze upya. Mimi nikiingia kwenye kitu nisichokijua, mfano kuunganisha malipo ya simu, AI inanitoa gizani. Hilo hawakulipima.

Mzee_wa_Milambo
Marahaba mwanangu. Hoja yako ina uzito. Lakini hapo ulipokuwa gizani ndipo usipoweza kujua kama umetolewa au umezamishwa.

Fundi_Isevya
Hilo la malipo ya simu nililishuhudia, acha nilieleze kwa kirefu maana linamhusu huyu kijana moja kwa moja.

Kuna chama cha kuweka na kukopa, jina sitalitaja, waliniita baada ya mfumo wao kuonyesha akiba za wanachama zimezidi hela iliyoko benki. Aliyeujenga alikuwa kijana mwenye kasi kweli, kazi karibu yote kaifanya na AI, akakabidhi, akahamia mkoa mwingine. Nilipofungua msimbo (code), kwa macho ulipendeza. Majina yanaeleweka, maelezo yako kila mahali, majaribio yote yanapita.

Tatizo lilikuwa hivi. Mwanachama akilipa kwa simu, kampuni ya malipo inatuma ujumbe kwenye seva yako kusema pesa imeingia, pamoja na namba ya muamala. Seva isipojibu kwa wakati, ujumbe unatumwa tena. Hiyo ni kawaida kabisa, imetengenezwa hivyo ili malipo yasipotee. Sasa mtandao ukiwa unakatikakatika, seva inapokea, inaandika malipo, jibu halifiki. Ujumbe unakuja wa pili, inaandika tena. Kwenye jedwali la malipo hapakuwa na kitu cha kuzuia namba ileile ya muamala isiingie mara mbili. Mama ameweka elfu ishirini, mfumo unasema arobaini. Na yale majaribio mazuri? Yaliandikwa na AI ileile, na kila jaribio lilituma ujumbe mara moja tu. Yangeshindwaje?

Aliyegundua hakuwa mtu wa kompyuta. Ni mweka hazina, mama mtu mzima, anaandika kila kitu kwenye kaunta buku kwa kalamu ya bluu na marekebisho kwa nyekundu. Walishamwambia aliache hilo daftari maana mfumo upo, akakataa. Tulikaa naye mezani tukisoma mstari kwa mstari, yeye anasoma daftari, mimi kanzidata. Dawa yenyewe ilikuwa ndogo: kuiambia kanzidata namba ya muamala isijirudie. Kazi ikawa kwenye salio za watu, kwa sababu pale mkopo unatolewa kwa kipimo cha akiba. Kuna waliokwishakopeshwa kwa akiba ambayo haikuwepo, na kuwaeleza hao ilikuwa mikutano na makelele.

Kilichoniuma ni hiki. Niliichukua AI nikaiuliza, "ujumbe wa malipo ukija mara mbili itakuwaje?" Ikajibu vizuri, ikaeleza na dawa. Jibu lilikuwepo muda wote. Hakuna aliyeuliza.

reli_ya_kati
Kaka hiyo ni funzo, lakini hata binadamu bila AI angelifanya kosa hilo. Nimeona mifumo ya miaka ya nyuma yenye shida hiyohiyo.

Fundi_Isevya
Angelifanya, sikatai. Ila angekuwa ameandika ule mstari kwa mkono wake, ukimwita anajua pa kuangalia. Huyu tulimpigia simu, akawa anatuuliza sisi.

Binti_Nzega
Naomba niongeze jambo ambalo halijatajwa. Kijana_wa_Kibirizi, mfumo wako una majina, namba za simu na madeni ya watu. Usichukue data halisi ukaibandika kwenye AI ili ikutafutie hitilafu. Tengeneza data ya uongo ya kujaribia. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na deni la mtu ni siri yake. Funguo za API, yaani nywila ambazo mfumo wako unatumia kuongea na huduma nyingine, pia zisikae kwenye msimbo, ziweke kwenye faili la .env na usilipandishe GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo.

Sola_Kasulu
Ndiyo maana nikasema modeli ya kwenye mashine yako. Data haitoki nje ya nyumba.

Binti_Nzega
Hapo kaka umenipata, kwa hilo una haki.

Kijana_wa_Kibirizi
Nawashukuru sana, nimejifunza kuliko nilivyotarajia. Kozi naiweka pembeni. Bado nayumba kati ya RAM na kulipia. Ila kuna kitu kinanitisha zaidi: nasikia kazi za junia, yaani madevelopa wanaoanza, zinakufa. Nihangaike na hii fani kweli, au nihamie Dar nitafute kuajiriwa mapema?

reli_ya_kati
Hamia Dar. Huku utafanya tovuti za gesti hadi uzeeke.

Mzee_wa_Milambo
Msimtishe mtoto. Hizo habari zina msingi: watafiti wa Stanford walionyesha mwaka 2025 kuwa Marekani ajira za madevelopa wa miaka 22 hadi 25 zimeshuka karibu asilimia 20 tangu kilele cha mwishoni mwa 2022. Lakini hiyo ni Marekani, kwenye makampuni ambayo junia alikuwa anapewa vipande vidogo vya kazi ya mkubwa. Wakala wa Kibirizi hana msimamizi wala timu. Anataka mtu atakayesimama naye gatini, aone mzigo unavyopimwa, nani anaandika, nani anadaiwa. Ukimjengea kitu kinachofanya kazi, wa jirani yake atakuita. Tabora hapa nimeona mtu mmoja akianza na chama kimoja cha wakulima wa tumbaku, sasa vyama vinampigia simu wenyewe.

Sola_Kasulu
Nakazia. Na Kigoma ina bahati ambayo Dar hawana. Wateja wako wanavuka ziwa kwenda Uvira, Kalemie, Bujumbura. Mfumo unaojua shilingi, faranga ya Burundi, faranga ya Kongo na dola kwa wakati mmoja, na karatasi ya mzigo kwa Kiswahili na Kifaransa, nani ataujenga zaidi ya mtu anayekaa Kibirizi?

reli_ya_kati
Sawa, hilo la faranga sikuliwaza. Lakini asikae miaka bila mtu mzoefu wa kumkosoa msimbo. Hiyo ndiyo sababu yangu ya Dar, na nimeiona kwangu mwenyewe. Niliyekaa naye dawati moja alinifundisha kuliko zana yoyote.

Binti_Nzega
Kwani mtu wa kumkosoa lazima wakae meza moja? Apandishe GitHub, Fundi_Isevya apitie.

Fundi_Isevya
Nitapitia, mdogo wangu, ila si yote. Nipe sehemu ya malipo na madeni tu, hayo mengine ya rangi na vitufe sina muda nayo.

Kijana_wa_Kibirizi
Kaka nitashukuru mno. Basi niulize hapohapo kwenye madeni. Niliiomba AI initengenezee jedwali, ikaweka safu moja ya kiasi na safu moja ya kiwango cha kubadilishia, inachukua kiwango cha leo kila ukifungua ukurasa. Niko sawa?

Fundi_Isevya
Hapana, hapo deni la mtu litapanda na kushuka kila asubuhi. Aliyekopa mwezi uliopita atakuta deni lingine na mtagombana. Kila muamala uhifadhi mambo matatu: kiasi, sarafu aliyotumia, na kiwango cha siku ileile mlichokubaliana. Na kiasi usikihifadhi kama float (namba ya kukadiria), tumia decimal (desimali kamili), la sivyo senti zitapotea.

Kijana_wa_Kibirizi
Na akilipa nusu kwa faranga na nusu kwa shilingi? Pale gatini wanafanya hivyo kila siku.

Fundi_Isevya
Malipo mawili, mistari miwili, zote zinaelekezwa kwenye deni moja. Usizijumlishe kabla ya kuzihifadhi.

Sola_Kasulu
Hapo mwulize wakala kwanza deni lenyewe wanalihesabu kwa sarafu gani. Ninaowajua Kasulu wengine wanakopeshana kwa dola hata kama hakuna anayeshika dola.

Kijana_wa_Kibirizi
Sijamuuliza. Kesho asubuhi nashuka gatini kabla boti hazijaanza kupakia.

reli_ya_kati
Ukienda muulize na mawese wanaandika kwa dumu au kwa lita, maana kuna madumu ya 20 yanajazwa mpaka mdomoni.