Kucha yenye hina ya marehemu bibi, na wimbo nisioweza kuuzima: naombeni ushauri

MpakaHina_Ngambo

Assalaam alaykum, na habari zenu nyote.

Mimi ni mpaka hina, niko Unguja. Kazi nimefundishwa na bibi yangu mzaa mama, ndiye aliyenilea. Usiku wa kuamkia Idi iliyopita aliniita chumbani kwake, akasema maua ya kisasa hayataki, nimpake ya kizamani tu: duara katikati ya kiganja na ncha za vidole. Redioni ukapigwa wimbo wa taarab, wimbo wa mahaba. Mwanamke kasimama pwani usiku, jahazi la mpenzi wake linakwenda, na taa ya jahazi inazidi kuwa ndogo mpaka hajui kama bado anaiona au anaikumbuka tu. Bibi akaniambia niongeze sauti. Hina iliyobaki kibakulini akaichota, akanishika mkono, akanipaka kucha ya kidole cha mwisho, kama alivyokuwa akinifanyia utotoni.

Siku ya tisa akafariki. Nilikuwepo alipokoshwa. Lile duara lilikuwa bado limo kiganjani.

Sasa ni miezi miwili na nusu. Ule wimbo nikiusikia mwili wote unanisisimka, najikuta naomba dua. Ndugu yangu mmoja kaniambia ni makosa kumtafuta Mungu kwenye nyimbo za mapenzi, niufute kwenye simu. Na kucha yenyewe sijaikata tangu siku ile. Imekua, hina imesogea mpaka nchani, imebaki kama hilali. Nikitoka naifunga plasta watu wasiione. Nimekataa mabibi harusi watatu. Nikishika koni ya hina najiuliza: nakesha kuchora kitu ambacho wiki mbili hakipo, kwa faida gani?

Nifanyeje? Naomba msinicheke.

Mama_Chumbageni

Pole sana mwanangu. Nani akucheke? Mume wangu alipofariki niliweka kikoi chake bila kukifua, nikawa nakinusa usiku. Harufu iliisha yenyewe, wala sijui iliisha siku gani. Ile siku nilipogundua ndiyo nililia kuliko siku ya mazishi. Nakwambia hivi ujue kwamba uchungu unaouona kwenye hiyo kucha wengine tumeupitia kwenye nguo. Kula vizuri, na usikae peke yako jioni.

Maalim_Amu

Wa alaykum salaam dada yangu. Mwenyezi Mungu amrehemu bibi.

Kuhusu ala za muziki wanazuoni wamehitilafiana tangu zamani, sitaki kulifungua hapa. Lakini kilio cha mapenzi kumpeleka mtu kwenye dua si jambo geni kwetu. Itazame Kasida ya Burda tunayoisoma kwenye maulidi. Al-Busiri aliitunga Misri karne ya 13 kumsifu Mtume, lakini mlango wake wa kwanza hauingii moja kwa moja kwenye sifa hizo. Unaanza na mtu anayetokwa na machozi yaliyochanganyika na damu kwa kuwakumbuka majirani wa Dhi Salam, na upepo uliovuma kutoka upande wa Kadhima, na umeme uliomulika gizani. Ndiyo ada ya washairi wa Kiarabu: kwanza wanamlilia mpenzi aliyehama, moyo ukishalainika ndipo wanaupeleka pakubwa zaidi. Huku kwetu nako, washairi waliyalilia majumba ya kisiwa cha Pate yaliyobaki magofu, zile zidaka (vishubaka vya ukutani) zilizokuwa zimepangwa vyombo vya kaure, ndege wa mwituni wakaja kutaga humo. Walikuwa wanazungumzia zidaka, na walikuwa wanazungumzia Akhera. Kwa hiyo taa ya jahazi ikikukumbusha safari ya bibi yako ukainua mikono kumwombea, mimi siwezi kukwambia umekosea.

Kucha ikate. Anas bin Malik amepokea, na imo kwenye Sahih Muslim, kwamba kucha zisiachwe zaidi ya siku 40. Wewe umeshazidisha. Hina yenyewe haina neno, haizuii maji ya udhu, shida ni huo urefu. Ukishaikata unaweza kuizika ardhini, wapo wanazuoni waliopendekeza hivyo.

Mwanakwaya_Songea

Namuunga mkono Maalim kwa upande wetu Wakristo. Kwenye Biblia kuna Wimbo Ulio Bora, na humo kuna msichana anatoka usiku kuzunguka mjini akimtafuta mpendwa wake, walinzi wa mji wanakutana naye njiani. Ni mapenzi mwanzo hadi mwisho. Wayahudi wakausoma kama habari ya Mungu na Israeli, Wakristo kama Kristo na Kanisa, na tangu hapo watu wanausalia.

Ila nina angalizo moja dada. Usijilazimishe kuupa kila mstari maana ya mbinguni. Mwanamke wa kwenye wimbo mwache awe mwanamke anayemlilia mtu wake. Ndiyo maana bibi yako alimwelewa.

Mtz_Chennai

Niko masomoni kusini mwa India, Tamil Nadu, na nimesoma uzi huu nikamkumbuka mama mwenye nyumba wangu. Kila alfajiri anafagia mbele ya mlango, ananyunyiza maji, kisha anachora kwa unga wa mchele aliouminya kwa kidole gumba na cha shahada. Anaanza kwa vitone, halafu anavizungushia mstari mpaka unarudi ulikoanzia. Wanaita kolam. Kufika mchana sisimizi na shomoro wameshakula nusu, pikipiki zimekanyaga nusu nyingine. Kesho anaanza upya, na hilo la jana halirudii.

Wiki yangu ya kwanza nililikanyaga. Niliomba radhi karibu ya kupiga magoti, naye akashangaa naomba radhi ya nini. Akanionyesha sisimizi waliobeba chembe za mchele. Kwake sadaka ya siku ilikuwa imeshafika.

Lakini lililonifanya niandike ni hili. Nyumba ikifiwa, kolam haichorwi. Ukipita asubuhi ukaona kizingiti kitupu unajua kuna msiba, unapunguza sauti. Zikiisha siku za msiba, wanachora tena. Labda hao mabibi harusi watatu uliowakataa ndicho kilikuwa kizingiti chako kitupu, na wala hukufanya kosa.

BintiMajengo_Msa

Mie mwenzako wa kazi, Mombasa, mwaka wa 18 huu. Umeuliza unachora kitu cha kutoweka kwa faida gani. Nikwambie nilivyoelewa mimi. Hina haioshwi na maji wala sabuni. Imeshika kwenye ngozi ile ya juu kabisa, na ngozi hiyo kila siku inajimenya kidogo kidogo. Ndiyo maana kiganja na unyayo vinakoza, kwa kuwa ngozi yake ni nene. Hina haimtoki mtu hivi hivi. Inaondoka pamoja na ngozi iliyoishika, haikubali kubaki bila hiyo ngozi wala ngozi haitoki bila hiyo hina. Bibi yako umempaka, akaenda nayo. Katika wateja wako wote ni yeye peke yake ambaye hina yako haikumfifia.

Nililia nikiandika hapo juu, basi tuendelee.

Ukirudi kazini usianze na harusi kubwa. Anza na mtu mzima mmoja wa mtaani, bure, duara na ncha za vidole. Na nakuomba, usiingie kwenye piko ya kuchanganya na rangi ya nywele kwa sababu wateja wana haraka ya weusi. Nimeona mikono ya watoto imetoka malengelenge kwa ile kitu. Unga mzuri, ndimu, mafuta ya karafuu, subira ya usiku mmoja.

MpakaHina_Ngambo

Nimesoma yote, mengine nimemsomea mama yangu kwa sauti.

Maalim, nimeikata Ijumaa asubuhi kabla ya kuoga. Nilidhani mkono utatetemeka, haukutetemeka. Nimeizika chini ya mkilua alioupanda bibi nyuma ya nyumba. Wimbo sijaufuta. Mwanakwaya, jana usiku nimeusikiliza namna ulivyosema, nikimwacha yule mwanamke awe yeye, na kwa mara ya kwanza nikamwona bibi msichana, amesimama pwani anamngoja mtu. Sijui alikuwa anamngoja nani. Sikuwahi kumuuliza.

Dada wa Majengo, yule mtu mzima wa mtaani nimeshampata. Ni shoga yake bibi, walicheza pamoja utotoni. Nilipomwambia nataka kumpaka duara akaninyoshea viganja vyote viwili pale pale barazani, hata hina sijaitia maji. Nimemwambia baada ya Isha. Unga nimeshauchekecha, ndimu zimenipungukia moja, namtuma mtoto dukani.