Duka la Mji Mkongwe linauza picha yangu ya kobe, nikiuliza naambiwa ya intaneti haina mwenyewe

Jamani leo mnisikilize maana nna hasira mpaka mikono inatetemeka. Kuna duka moja la kitalii Mji Mkongwe, silitaji hapa, linauza picha yangu ya kobe, wameichapa kwenye kanvasi kubwa na fremu juu yake, bei kwa dola. Mie sina hata habari, mdogo wangu ndo kanitumia WhatsApp, "hii si yako?"

Ni yangu. Wanaonifuata wanaijua, kobe wa kisiwa cha Changuu mwenye gamba la nakshi. Na yule si wa AI, ni kobe wa kweli, wale ambao asili yao ni wanne walioletwa kutoka Shelisheli 1919, umri wao kaandikiwa kila mmoja kwa rangi mgongoni. Nilikwenda na boti ya mwanzo kabla mapapasi, wale madalali wa watalii, hawajashusha wageni, nikalala fudifudi kwenye vumbi (na mavi ya kobe, mnayajua nyie?), mtunzaji akamkuna shingo, na kobe mkubwa akikunwa shingo ananyanyuka kwa miguu yote minne na kuivuta shingo mpaka basi, hapo ndo nikampiga picha. Halafu kuna kazi ya nyumbani sasa, kwenye kompyuta, kufuta ile namba ya umri, kuuzima uwa wote nyuma uwe mweusi, kisha leya juu ya leya za nakshi za mlango, kila kipande cha gamba na nakshi yake, minyororo pembezoni, mayungiyungi na samaki katikati, na kila moja niikunje ifuate mviringo wa gamba isije ikaonekana kama stika.

Huo mlango ni wa nyumba ya bibi yetu Malindi, hii ya hapahapa Unguja. Samaki mmoja mkia wake umemeguka, tangu sie watoto uko hivo.

Basi nimekwenda dukani mwenyewe. Wameigeuza kushoto iwe kulia, wameikata kona yenye saini yangu, rangi wameizidisha mpaka kobe kama kapakwa singo, lakini samaki wangu yumo, na mkia wake uliomeguka! Namuonesha muuzaji, ananijibu "kaka, picha ya intaneti haina mwenyewe, na kobe mwenyewe wa serikali". Eti kobe wa serikali. Kwani mie nimedai kobe?

Na kilichonimaliza kabisa, nyuma ya kanvasi wamebandika kikaratasi kuwa imetengenezwa na msanii wa hapahapa Zanzibar. Msanii gani? Ana jina? Shilingi ngapi kapewa?

Sheria ya hakimiliki Zanzibar tunayo yetu tangu 2003, COSOZA, ofisi ya hakimiliki, wapo, na picha ya kupiga nayo inalindwa. Faili la RAW, lile la asili la kamera, ninalo, leya zote ninazo, mlango uko palepale anayetaka akauone. Nimewaambia waishushe wamenambia nilete polisi. Sasa aliyewahi kupeleka kesi kama hii aniambie kaanzia wapi na kamaliza vipi. Na nyie mnaopiga picha za kima punju msituni Jozani piteni madukani muangalie kuta, maana pale nimeona picha za kima wawili watatu ambao nawajua vizuri tu ni kazi za nani.

Na msije mkanambia niweke saini kubwa katikati ya picha, ushauri huo siutaki.