Viatu vya skii ya slalomu: mpira, kiatu cha kufyatuka au bamba? Niko Mwanza, naombeni ushauri

Ngosha wa Luchelele
Wakuu, nisaidieni kuchagua, safari hii sitaki kukosea. Nina kilo 78, nateleza majini kwa skii moja nikivutwa na boti asubuhi upande wa Luchelele, kamba ya mita 18.25, boti haizidi kilomita 46 kwa saa. Miaka yote nimetumia viatu viwili vya mpira. Mwezi wa nne skii ilipiga fungu la magugu maji lililozama nusu, ikasimama papo hapo, mimi nikaendelea mbele. Mguu wa mbele ukachomoka, wa nyuma ukabaki. Skii yenye urefu wa karibu mita 1.7 ikageuka wenzo kwenye kifundo changu. Wiki sita nimekaa na hogo.

Nina njia tatu. Kwanza, kubaki na mpira mbele, ila nyuma niweke mkanda wa vidole tu, usio na kisigino. Pili, kiatu kigumu mbele, kama cha Reflex, kinachofyatuka kisiginoni, na mkanda nyuma. Tatu, viatu vyote viwili juu ya bamba moja linaloshikwa kwenye skii kwa 3M Dual Lock, vipande vya plastiki vya kunasiana. Ipi itaniachia miguu yote skii ikisimama ghafla?

Fundi Boti Nyegezi
Pole sana kijana wangu. Umeuliza vizuri, maana wengi huuliza kiatu kipi kinashika, hawaulizi kipi kinaachia. Mimi nashikilia kanuni moja: miguu itoke yote au ibaki yote. Ukiweka kifyatuo kizuri mbele halafu mpira uliobana nyuma, umejitengenezea kilekile kilichokuvunja, tena kwa uhakika zaidi.

Kwa ziwa letu ningekupeleka njia ya pili. Anguko letu baya ni la kwenda mbele: magugu, nyavu, gogo lililoletwa na mto. Kisigino kikinyanyuka kifyatuo kinaachia, na mguu wa nyuma unateleza wenyewe kutoka kwenye mkanda.

Namba ya kifyatuo, yaani kiasi cha kukikaza, anzia chini, kwa jedwali la mtengenezaji na uzito wako. Usinakili ya mtu. Wanaume wa mashindano hupita maboya 6 kwa kilomita 58 kwa saa. Nguvu inayowavuta wao wewe huifikii, kwa hiyo namba yao kwako ni kifungo.

Kisha ijaribu nchi kavu. Laza skii juu ya godoro, pezi lining'inie nje ya ukingo lisipinde. Mtu aishike mbele na nyuma. Vaa kama unavyovaa siku zote, inama mbele, nyanyua kisigino kwa nguvu. Kitoke kwa kulazimishwa, lakini kano ya kisigino isilie. Fanya mara tatu, kimwagie maji, fanya tena.

Dada wa Kapripointi
Shikamoo Fundi. Kanuni naikubali, ila bamba msilitupe haraka hivyo. Nimelitumia misimu mitatu, nimefyatuka mara mbili, na zote mbili miguu ilitoka pamoja.

Kinacholiponza bamba ni uchafu. Ile Dual Lock ina vichwa vidogo kama uyoga vinavyong'ang'aniana. Mchanga ukiingia, upande mmoja unashika na mwingine haushiki, na hapo hujui tena litaachia lini. Mchanga wetu unatoka kwenye majabali haya haya, punje zake ni kubwa na kali. Kwa hiyo sivai ufukweni kamwe, navaa nimekaa ukingoni mwa boti. Vilevile hakuna namba ya kusoma: unaongeza au kupunguza vipande, unajaribu, na vikichakaa unabadilisha vyote.

Jambo jingine, ukishafyatuka unaelea na miguu yote miwili imefungwa kwenye bamba. Huwezi kupiga miguu. Jaketi okozi lazima, na mtu wa pili botini wa kukutazama, dereva atazame mbele.

Mzamiaji wa Igombe
Mimi nilirudi kwenye mpira na mkanda. Kifyatuo kiliniachia nikiwa nimeegemea kukata kona, sijaanguka wala nini, nikatua majini kwa kifua. Kuachia mapema nako kunaumiza.

Fundi Boti Nyegezi
Ni kweli, pole. Ila ulikagua kama kisigino kilikaa sawasawa? Punje moja ya mchanga chini yake inatosha kukifanya kionekane kimefunga wakati hakijafunga. Suuza kwa maji safi kila ukitoka, kagua skrubu kila asubuhi. Kikiachia ovyo kikiwa safi, ongeza namba kidogo kidogo, na kila ukiongeza urudi kwenye godoro.

Mfiziotherapia
Kuna jambo hamjaligusa. Kifyatuo cha kisigino kinaelewa anguko la mbele. La kujizungusha au la kurudi nyuma linaweza kukupita bila kukifungua. Na kiatu kigumu hakiachi kifundo kipinde, hivyo kisipofyatuka nguvu inapanda ugokoni na gotini. Ukikaza kupita kiasi umehamisha tu mahali pa kuumia.

Ngosha, kabla ya kurudi majini, simama kwa mguu ulioumia peke yake na unyanyuke kwa vidole mara kwa mara, ulinganishe na mzima. Kama unachoka mapema, bado.

Ngosha wa Luchelele
Asanteni sana, nimesoma kila neno. Nachukua kiatu kigumu mbele na mkanda nyuma. Bamba limenivutia, Dada, lakini nataka namba ninayoweza kuisoma na kuirudia. Mkanda nimeshaulegeza mpaka mguu unatoka nikivuta tu, bila kutumia mkono. Zoezi la mguu mmoja nimelifanya leo: wa kulia 25, ulioumia 14. Basi nasubiri.

Nikirudi itakuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla upepo wa ziwani haujaamka, na dereva atapita njia nzima polepole kwanza kutafuta magugu na nyavu. Fundi, Ijumaa jioni naweza kuleta skii tuijaribu, kavu na mbichi?

Fundi Boti Nyegezi
Nipo kuanzia saa kumi. Godoro ninalo, wewe njoo na mtu wa kushika skii. Siku hiyo tumia mguu mzima tu.