Mjadala: Namba za mashine ya kupima ngozi, tuziamini au tunapigwa?

Binti Mwanjelwa (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Wiki iliyopita niliingia kliniki moja ya urembo hapa Dar, jina naliacha. Nilikuwa nimeshuka daladala muda si mrefu, jasho linanitiririka. Dada wa pale akanifuta uso kwa pamba yenye spiriti, akanigusisha kikalamu shavuni, kikasoma 24. Akanipa pole kama nimefiwa: "Ngozi yako haina maji kabisa." Akanipaka krimu yao, tukapiga soga dakika kama kumi, akapima tena. 51! Nikalipa laki tatu na nusu hapo hapo, paketi ya wiki sita.

Nimefika nyumbani ndiyo akili ikarudi. Zile namba zinapima tiba au zinapima kupakwa? Na je, ni halali mtu auziwe dawa ya ngozi kwa namba ya mashine ambayo yeye mwenyewe hajui inapima nini? Wenye ujuzi nisaidieni.

Mzee Kigamboni
Pole binti yangu. Lakini ukweli usemwe. Tatizo si mashine, ni ninyi mabinti wa mjini hamjikubali. Mama yangu amefariki na miaka 84, ngozi laini, hakuwahi kupimwa na kikalamu chochote. Leo mnaingia saluni weusi mnatoka uso wa njano, vidole vyeusi tii.

Kipusa Sinza
Shikamoo mzee. Hapo umetukosea sana. Mtu kauliza kipimo cha unyevu, wewe umemvisha mkorogo. Mimi nina saluni mwaka wa tisa, sijawahi kumchubua mtu, na mashine ya kupimia ninayo. Wateja wangu wanakuja wamepauka magoti, viwiko, mashavu. Nawapima, nawaandikia kwenye daftari, wakirudi nawapima tena. Sasa na mimi ni tapeli?

Fundi Vifaa Tiba
Nijibu swali la mleta mada kabla halijapotea.

Hicho kikalamu kinachoitwa cha unyevu kinasoma jinsi tabaka la juu kabisa la ngozi linavyoitikia umeme mdogo. Maji huitikia kwa nguvu kuliko kitu kingine chochote kilichopo hapo, ndiyo maana namba hupanda. Mashine za maabara, kama Corneometer ya Wajerumani, zinafika mikroni 10 hadi 20 tu, wembamba ambao jicho halioni. Tena kichwa chake kina springi ili mgandamizo uwe uleule kila mara. Zile ndogo unazibonyeza kwa mkono, ukikazia kidogo namba inapanda.

Na kuna masharti. Chumba kiwe na joto la nyuzi 20 hadi 22, hewa isiwe na unyevunyevu mwingi, mtu apumzike dakika 15 hadi 30 bila jasho, na asiwe amepaka kitu. Wewe umeingia na jasho, ukakaushwa kwa spiriti, ukasomwa 24. Ukapakwa krimu yenye maji, ukasomwa 51. Kilichopimwa ni krimu iliyokaa shavuni. Tiba hupimwa baada ya wiki kadhaa, asubuhi, ngozi ikiwa tupu, sehemu ileile, na pembeni kuwe na sehemu isiyopakwa ya kulinganishia. Saluni nyingi hazifanyi hivyo kwa sababu hazijui.

Kipusa Sinza
"Hazijui." Asante kaka. Mwenye cheti peke yake ndiye mwenye akili.

Nesi wa Zamu
Dada Kipusa, usiwake. Niliagiza kile kikalamu cha bei ndogo mtandaoni, nikakijaribu jikoni. Mkono mkavu 31. Nikapitisha kitambaa kibichi, 50 na ushee. Nikakata tango, nikakiweka kwenye kipande. Kikapanda mpaka mwisho na kuandika "ngozi bora". Tangu siku hiyo watoto wangu wanakichezea.

Salama wa Vuga
Mimi nina uchungu na hizi mashine. Nimelelewa Unguja na mafuta ya nazi ya kukamua nyumbani, liwa Ijumaa, singo kabla ya harusi. Nilipopimwa saluni moja huko bara asubuhi nimetoka kujipaka, mashine ikasoma 19. Binti mdogo kiasi cha mwanangu akaniambia mafuta ya nazi "hayafanyi kazi, ni ushamba". Ushamba! Bibi yangu aliwaogesha maharusi wa mji mzima.

Fundi Vifaa Tiba
Dada Salama, huyo binti alisoma mashine vibaya. Mafuta hayana maji. Yakitanda juu ya ngozi, kikalamu kinagusa mafuta, namba inashuka hata kama ngozi chini yake imeshiba. Ndiyo maana krimu ya majimaji inashinda mafuta kila siku kwenye onyesho la saluni.

Kipimo kinachokufaa wewe ni kingine, cha maji yanayotoroka kupitia ngozi, kwa gramu kwa mita ya mraba kwa saa. Hicho kinaonyesha ukuta wa ngozi umevuja kiasi gani. Ufilipino waliwajaribu watoto 117 wenye pumu ya ngozi kwa wiki nane, wengine mafuta ya nazi, wengine mafuta ya madini, na si wapimaji wala wazazi waliojua nani kapewa nini. Matokeo yalichapishwa 2014. Kwa waliopakwa nazi maji yanayotoroka yalishuka toka karibu 27 hadi karibu 7. Wale wengine waliishia kama 13. Mashine ileile inayokutukana saluni, ikitumiwa kwa adabu, imemsimamia bibi yako.

Salama wa Vuga
Ahsante. Lakini mafuta ya madini ndiyo nini? Mnawapaka watoto petroli?

Nesi wa Zamu
Hapana dada, ni jamaa ya mafuta ya mgando tunayopaka wote. Yamesafishwa.

Mzee Kigamboni
Naona mnanipita kama sipo. Kipusa, unasema hujawahi kumchubua mtu. Je, unajua kilichomo kwenye kila kopo unalouza? Zebaki haiandikwi kwenye lebo. Inaua figo. Dunia imekubaliana kupitia Mkataba wa Minamata kuiondoa kwenye vipodozi, na bado kila mwaka tunaona makatoni yanateketezwa. Mashine yako inapima zebaki?

Kipusa Sinza
Haipimi, mzee, na sijasema inapima! Kwa nini kila mwanamke anayepaka kitu usoni ni mshtakiwa kwako? Wanaume mnaokuja saa mbili usiku kuulizia "kitu cha kung'arisha kidogo" mbona hamtajwi?

Mswahili wa Kuze
Hapo Kipusa kasema kweli. Mombasa huku hali ni ileile, wanaume wanatuma dada zao.

Lakini nirudishe mada. Mke wangu alienda kutoa nywele kwa mwanga. Mtoa huduma akamtazama kwa jicho, akasema "wewe ni rangi ya nne". Akarusha. Akaungua mistari mistari shingoni kama kapigwa fimbo, mpaka leo madoa yapo. Ile hesabu ya kugawa ngozi za watu rangi sita nasikia ni ya miaka ya sitini na ilikuwa ya Wazungu tu. Kama wangepima melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, kwa mashine, yasingetokea. Kwa hiyo mimi nasema zipimwe, tena kwa sheria.

Fundi Vifaa Tiba
Pole kwa mkeo kaka. Sahihisho dogo: ni 1975. Fitzpatrick, daktari wa ngozi wa Marekani aliyeanzisha hesabu hiyo, alikuwa anatafuta kipimo cha mwanga wa kutibia soriasisi, ugonjwa wa ngozi wa magamba, akiwauliza watu wanavyoungua na jua. Zilianza aina nne, zote za ngozi nyeupe. Sisi tuliongezwa baadaye tukawa namba tano na sita, bara zima kwenye visanduku viwili. Kwa hiyo mkeo alihukumiwa kwa macho, kwa jedwali ambalo mwanzo wake hakuwemo.

Na hoja yako ya kupima melanini ndiyo nzito kuliko zote humu. Mashine hurusha mwanga wa rangi maalumu na kusoma kiasi kinachorudi. Kabla ya kumrushia mtu leza, namba hiyo inamkinga na moto. Lakini kwenye ngozi nyeusi sana mwanga unaorudi ni mdogo, na melanini hunyonya pia ule mwanga unaotumika kusoma wekundu. Mtoto mweusi mwenye pumu ya ngozi anawaka kwa ndani, daktari anaandika "wekundu kidogo". Dosari ya namna hii ilionekana kwenye kile kibanio cha kidoleni cha kupima oksijeni. Desemba 2020 watafiti wa Michigan, Marekani, waliandika kwamba kilishindwa kuuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu asilimia 12, weupe chini ya 4. Sisi ndio tungepaswa kuwa wa kwanza kuuliza: mashine hii ilijaribiwa kwenye ngozi ya nani?

Salama wa Vuga
Kaka Fundi, nisamehe, bado sijaridhika. Liwa nayo wamewahi kuipima?

Mnyamwezi Halisi
Nimesoma uzi wote. Mzee Kigamboni kazidi. Mtu kaibiwa laki tatu na nusu, yeye anahubiri watu wajikubali. Mzee, kila uzi wa akina dada lazima uingie na fimbo?

Mzee Kigamboni
Kijana, umenigusa pabaya, basi nitasema.

Mdogo wangu wa kike alipaka mkorogo miaka kumi na mbili. Mtoto wake wa tatu alitoka kwa upasuaji. Nilikuwa nje ya wodi. Daktari alitoka akaniambia kila wanaposhona, nyuzi zinakata ngozi kama zinashona karatasi iliyoloa. Kidonda kikakaa wazi wiki tano. Nilikuwa nikimpelekea uji asubuhi namkuta ameugeukia ukuta, hataki nimwone tumbo. Wakati huo wote uso wake ulikuwa unang'aa, mwororo. Kila mtu mtaani alikuwa anamsifu. Ndiyo maana nikisikia "namba imepanda, ngozi imependeza" damu inanichemka. Yeye ungempima unyevu angepata mia.

Kipusa Sinza
Mzee wangu. Pole sana. Nisamehe kwa nilivyokujibu.

Nesi wa Zamu
Shikamoo mzee, nayathibitisha. Tunawajua kabla hawajavua nguo, kwa harufu na kwa zile sugu za vidoleni. Ni zile krimu zenye dawa kali, klobetasoli na ndugu zake, zinakondesha ngozi ya chini huku juu panang'aa. Mama akifika kujifungua tunaanza kuomba Mungu kabla ya mshono.

Fundi Vifaa Tiba
Mzee, pole. Ungempima unyevu usingeambulia kitu, ni kweli. Lakini unene wa ngozi unapimika kwa utrasaundi ya masafa ya juu, bila kukata, bila sindano. Mtu angeonyeshwa kwenye skrini ngozi yake imebaki nyembamba kiasi gani akiwa bado ana muda wa kuacha. Nimekataa tangu mwanzo kuzitupa hizi mashine kwa sababu kama hiyo. Kliniki inanunua ile inayopandisha namba kwa dakika kumi, kwa kuwa ndiyo inayouza.

Mnyamwezi Halisi
Mzee, nifute kauli yangu. Sikujua.

Mswahili wa Kuze
Hapo Fundi, nani atazilipia hizo utrasaundi? Mtu wa mkorogo wa elfu tatu?

Fundi Vifaa Tiba
Hospitali za rufaa. Na Moshi pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha kufundisha magonjwa ya ngozi tangu miaka ya tisini, wanatengeneza hata losheni ya jua kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino. Ngozi zetu zinajulikana pale. Vipimo vianzie huko, saluni ifuate.

Binti Mwanjelwa
Jamani, mimi mwenye mada bado nipo. Nimerudi kliniki leo kuomba nipimwe tena kabla ya kupakwa, kiyoyozi kikiwa kimenipooza nusu saa. Dada akakataa, akasema mashine "inahitaji krimu kwanza". Nikamwomba anipime shavu moja bila krimu, moja na krimu. Akamwita meneja. Hela hawarudishi. Nina krimu ya wiki tano na nusu mkononi na sijui nifanyeje.

Nesi wa Zamu
Soma kwanza kilichoandikwa nyuma. Ukiona haidrokwinoni (hydroquinone, dawa ya kuchubua), zebaki, au jina linaloishia na "-sone" au "-sol", usiipake. Isipoandikwa chochote, usiipake vilevile.

Binti Mwanjelwa
Nimesoma. Ni maji, gliserini, harufu na vitu vya kuhifadhi. Hata mafuta ya duka la mangi yana gliserini.

Kipusa Sinza
Basi dada, fanya hivi. Paka mkono wa kulia tu, sehemu ya ndani chini ya kiwiko, wa kushoto acha. Wiki nne. Zikiisha, njoo kwangu Jumamosi saa tatu asubuhi kabla wateja hawajajaa, nikupime mikono yote miwili bure, nirudie mara tatu kila mkono. Usipake kitu tangu Ijumaa usiku. Nitazima feni, utakaa nusu saa, nitakupa maji ya kunywa tu. Kaka Fundi, kama uko Dar na wewe njoo uone ninavyobonyeza.

Fundi Vifaa Tiba
Nipo Tabata. Nitakuja na kipimajoto cha chumba.