Fundi aling'oa kinga ya umeme kwenye karavani yangu, sasa atelye inanikana

Bandugu wa Lubumbashi, nina hasira na sitaificha. Mnaonunua chakula kwangu mnaijua karavani yangu ya bati, ile iliyotoka Marekani ikapitia Dar es Salaam na Kasumbalesa. Leo imefungwa, na nitawaambia kwa nini.

Usiku wa mvua prizi ya jikoni, ile soketi ya ukutani, ilikata, konjelateri ya kugandishia ikazima na samaki wa tomson wamejaa ndani. Nikaita fundi kutoka atelye moja ya mjini. Akaingia, akaona taa zinawaka, akasema: "Mama, umeme uko, ni prizi imekufa." Hakupima kitu! Taa za karavani zinakula volti 12 za betri, zinawaka hata transfo, ile mashine ya kushusha umeme, ikiwa imezimwa. Prizi ndizo zinatumia volti 120, kwa hiyo 220 yetu tunaipitisha kwanza kwenye transfo. Tena ya jikoni, ya nje na ya chooni zilinyamaza pamoja. Prizi tatu hazifi saa moja! Fundi wa kweli anatafuta kilichozikata zote.

Kilikuwa chooni, pembeni ya kioo: prizi yenye vitufe viwili vidogo, cha kujaribia na cha kurudishia. Hiyo ndiyo kinga yenyewe. Umeme ukivuja hata miliampea 5, inajikata, na prizi zote zinazopata umeme kupitia kwake zinakatika nayo. Nilimwonyesha. Akabonyeza, ikajikata tena. Hapo ndipo angeuliza umeme unavujia wapi. Yeye akasema "hii ndiyo inasumbua", akaing'oa, akafunga waya kwa waya. Fishi ya waya wa karavani ilipokataa kuingia kwenye ralonji yake, ile waya ya kurefusha, akaikata mguu wa tatu, ule wa ardhi. Konjelateri ikaunguruma, akachukua pesa yake, akaenda na prizi yangu mfukoni.

Mvua iliyofuata, binti wa dada yangu akashika mpini wa mlango, miguu peku kwenye tope. Umeme ukamtupa chini. Yuko hai, Mungu asifiwe, lakini mkono ulimtetemeka mpaka jioni. Mtoto wa watu!

Mzee mmoja fundi wa mtaa wa Kamalondo ndiye aliyekuja na kipimo. Alizima transfo, akachomoa kila kitu, akaenda moja kwa moja kwenye prizi ya nje. Mpira wa kifuniko umepasuka, maji yametuama ndani, shaba imeota ukijani, na unyevu umeshuka mpaka kwenye bati la ukuta. Kazi yote ilikuwa pale: mpira na prizi moja.

Nimerudi atelye, wananijibu: "Mama, si prizi zilikuwa zinafanya kazi?" Nataka pesa yangu, na nataka ile prizi ya vitufe irudi. Bila hiyo siwashi kitu.

Anayejua inapouzwa ya volti 120, hapa au Likasi au Kolwezi, aniandikie. Na kama fundi alishakufungia waya kwa waya namna hiyo, zima transfo sasa hivi, kabla mtoto hajashika mlango.